Wakuu, kinachokupepesusha si pombe peke yake, ubongo nao unapika

Msesewe
Wakuu, kwema? Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite tu, nisije nikalaumiwa bure.

Jumamosi nilikuwa Marangu, tumepeleka mbege ya posa ya binamu yangu. Mimi na shemeji tulikaa benchi moja, kata inazunguka, akipiga yeye nami napiga. Umri wetu mmoja, uzito haupishani sana, na wote tulikuwa tumekula ndizi nyama za kutosha. Ilipofika saa kumi na mbili jioni shemeji alikuwa ameukumbatia mgomba kama ndugu aliyepotea miaka mingi, mimi nateremka kwa miguu yangu mwenyewe hadi barabarani. Mzee mmoja akanipiga begani: "Kijana, una kichwa kigumu." Nikafurahi kama nimekabidhiwa cheti. Furaha hiyo nitairudia, maana sikuistahili.

Kazi yangu ni maabara, na tangu chuo nilikuwa na hadithi moja kichwani: pombe inaingia tumboni, inaingia kwenye damu, inapanda ubongoni inalevya, halafu ini linaisafisha. Hadithi si ya uongo, ila ina tundu.

Kwenye ini kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, kinaitwa alkoholi dehidrojenasi, tukiite ADH. Hicho kinaichukua ethanoli, yaani ile pombe yenyewe, na kuigeuza asetaldehidi, kitu kikali chenye sumu. Hakijakaa sana, kimeng'enya cha pili kinachoitwa ALDH2 kinaigeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo ni ukoo mmoja na siki, na mwili unaichoma kama kuni. Mpaka hapo kila aliyesoma baiolojia yuko na mimi.

Sasa tundu. Ethanoli ni molekuli ndogo, ubongoni inaingia bila hodi. Na ubongo nao una vimeng'enya vyake. ADH huko ni haba sana, kwa hiyo hatua ya kwanza inafanywa zaidi na katalasi, ile ile inayofanya hidrojeni peroksaidi itoe povu ukiimwagia kwenye kidonda, ikisaidiwa na kingine kinachoitwa CYP2E1. Asetaldehidi inayotoka kwenye ini inapata shida kuvuka kuingia ubongoni, kwa sababu kuta za mishipa midogo ya huko zina ALDH ya kuidaka mlangoni. Kwa maana hiyo, asetaldehidi inayoonekana ndani ya ubongo kwa sehemu kubwa imepikwa humo humo.

Mwaka 2021 jarida la Nature Metabolism lilitoa utafiti wa watu wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na ulevi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Maryland. Walikwenda kwenye serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni unaosimamia mizani ya mwili. Ndio unaokuwezesha kugusa pua yako ukiwa umefumba macho, na ndio askari anaoupima anapokwambia utembee juu ya mstari. Wakakuta kwamba ALDH2 imo kwa wingi ndani ya astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota ambazo zamani tuliambiwa kazi yake ni kuzitunza tu niuroni, yaani seli za ubongo zinazopeleka ujumbe, kama mayaya.

Wakachukua panya, kundi moja wakaliondolea ALDH2 kwenye astrosaiti, kundi lingine wakaliondolea kwenye ini. Wote wakapewa pombe kiasi kidogo. Waliokosa ALDH2 kwenye ini waliyumba kama panya wa kawaida. Waliokosa kwenye astrosaiti hawakuyumba kama wenzao.

Nilisoma mara mbili. Maana yake asetati inayoleta shida kwenye serebela haitoki kwenye ini kama tulivyodhani. Inapikwa palepale, na ikishapikwa inapandisha GABA, ambayo ndiyo breki ya ubongo. Si breki ya kukanyaga ghafla. Ni kama dereva wa daladala mwenye tabia ya kuacha mguu juu ya pedeli safari nzima: gari linakwenda, lakini zito, na kona linazikata vibaya.

Karibuni, wenye ujuzi mnirekebishe.

Kibao Kata
Mkuu nimesoma mpaka mwisho na bia mkononi 😂 Swali moja tu: hicho kimeng'enya kinatolewa wapi? Niondolewe mimi, ninywe nisiyumbe, mama watoto asijue kitu.

Fundi Selemala
Hizi habari za panya mimi huwa zinanichosha. Panya anapewa pombe Marekani, tunaambiwa sisi wa Mbagala. Shemeji yako alikuwa na njaa ama uchovu, basi. Pombe ni pombe, ukizidisha unaanguka. Hakuna cha nyota wala mwezi.

Msesewe
Fundi, nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri. Sijasema shemeji ana ALDH2 nyingi kisogoni, hakuna aliyempima. Na wale watafiti wenyewe walisema kiasi kidogo cha pombe. Ukishabugia nyingi, ethanoli yenyewe inakwenda moja kwa moja kwenye milango ya niuroni, inaisukuma ile ya GABA na kuibana ile ya glutamati, ambayo ndiyo mafuta ya ubongo, hapo hata ukiondoa vimeng'enya vyote utalala mtaroni. Ninachosema ni kwamba ule mwanzo wa kulewa, chupa mbili za kwanza, miguu inapoanza kukusaliti, si ethanoli peke yake inayofanya kazi.

Pwani Raha
Mimi si mnywaji ila kwetu Pangani nimekulia chini ya minazi, tembo nalijua. Lile la asubuhi tamu watu wanakunywa wanacheka na kusimuliana, lile lililolala linawafanya wagombane. Hii nayo ni vimeng'enya?

Msesewe
Ndugu yangu wa Pwani, hilo la tembo ni chachu kuendelea na kazi: lililolala limechacha zaidi, ethanoli imepanda. Ila umegusa kitu kizuri bila kujua. Kwa nini pombe huanza kwa kuchangamsha kabla ya kulegeza? Hapo ndipo katalasi inapoingia.

Watafiti wa Montreal nchini Kanada, na baadaye wa Castellón kule Hispania, wamekaa na swali hili miaka mingi. Panya mdogo ukimpa pombe ya kiasi huwa anakimbiakimbia, kachangamka. Ukimpa kwanza dawa inayozuia katalasi, uchangamfu unapungua, na hata hamu ya kwenda kunywa mwenyewe inapungua. Pombe kwenye damu ni ile ile. Kilichobadilika ni jiko la ubongoni.

Ila kazi iliyoniacha mdomo wazi ni ya Chuo Kikuu cha Chile. Wale wana panya waliozalishwa kizazi baada ya kizazi kwa kuchagua wapenda pombe, yaani ukoo wa walevi kamili. Wakatengeneza kirusi kisicho na madhara, wakakibebesha ujumbe wa kuizima katalasi, wakakidunga kwenye eneo dogo la katikati ya ubongo ambako dopamini ya kujisikia raha inaanzia. Panya wale wakakaribia kuacha kabisa. Wengine wakafanyiwa kinyume, wakapewa jeni ya ADH palepale ili asetaldehidi ipikwe kwa wingi. Hao wakanywa zaidi ya mwanzo.

Fikiria maana yake. Asetaldehidi ya kwenye ini na damu inakuadhibu: uso unawaka, kichefuchefu, moyo unakwenda mbio. Asetaldehidi ya kwenye ubongo, kwa panya hao, inawavuta warudi kwenye chupa. Kitu kile kile. Kinachoamua ni kimepikiwa wapi.

Fundi Selemala
Hapo kidogo umenishika. Kwa hiyo wakizima hiyo katalasi kwa binadamu ulevi umekwisha?

Msesewe
Hapana, na wale wale wa Chile ndio waliotia maji kwenye moto huo. Panya ambaye hajawahi kunywa, ukimzimia katalasi hashiki njia ya ulevi. Panya aliyekwisha kunywa kwa muda mrefu, ukimfanyia hivyo hivyo, anaendelea kunywa. Kinachomwanzisha mtu si kinachomrudisha. Mtu aliyekunywa miaka kumi, ubongo wake umeshajenga njia nyingine, mazoea, kona ya baa, saa ya kutoka kazini, marafiki, mlio wa kizibo. Katalasi imeshafanya kazi yake zamani ikastaafu.

Halafu katalasi ina kazi halali mwilini, ya kuvunja hidrojeni peroksaidi isiunguze seli. Huwezi kuifunga ovyo kama bomba la nje.

Jirani wa Nai
Salamu kutoka Nairobi. Uzi mtamu sana huu. Lakini mnaongea ethanoli kana kwamba kila mtu anakunywa ethanoli. Sisi huku tumezika watu. Mwaka 2000 ile kumikumi, pombe haramu ya mtaani, iliua zaidi ya watu mia hapa Nairobi, Mukuru na mitaa ya karibu, na 2014 tena watu wakafa na wengine wakapofuka kwa sababu ya methanoli kwenye pombe. Nilikuwa najiuliza: mbona mtu anakunywa usiku, anaonekana amelewa kawaida tu, halafu kesho yake ndio anasema haoni, mbona mmezima taa?

Msesewe
Jirani, poleni sana. Swali lako ni la vimeng'enya vilevile. Methanoli yenyewe inalevya tu kama ndugu yake. Ini halitofautishi, ADH inaishika na kuifanyia kazi ile ile, ila badala ya asetaldehidi inatoka formaldehidi, ile tunayohifadhia viungo maabara, kisha inatoka asidi ya fomi. Asidi hii ndiyo inayoua mshipa wa jicho na kuchafua damu. Kwa kuwa inachukua saa kadhaa mpaka ijikusanye, mtu analala mzima anaamka kwenye giza.

Na ndiyo maana hospitalini tiba ni kuizuia ADH, ama kwa dawa ya fomepizoli ama kwa ethanoli safi inayopimwa na daktari, kwa kuwa ADH ikiwekewa zote mbili inaichagua ethanoli kwanza na methanoli inabaki bila kuguswa mpaka itolewe. Naomba mtu asisome hapa akaenda kumwongezea mgonjwa konyagi nyumbani. Kuona ukungu baada ya kunywa ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Kibao Kata
Mmenitisha sasa. Na mimi gongo la jirani nilishalionja. Turudi kwenye swali langu jamani, mbona mnalikwepa? Kuna dawa inazuia hiyo ALDH2, nimesikia. Nikiimeza, si nitakuwa kama yule panya, nakunywa siyumbi?

Bibi Nesi
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Kibao, mjukuu wangu, hilo wazo lifute leo leo.

Dawa hiyo ni disulfiramu, wengi wanaijua kwa jina la Antabuse. Ilianza kufahamika miaka ya 1940 Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen waliijaribu wao wenyewe wakitafuta dawa ya minyoo, kisha wakashangaa kila wakinywa pombe wanaumwa vibaya. Hata kabla ya hapo watu wa viwanda vya mpira walikotumia kemikali hiyo walikuwa wameona kwamba wakipata bia baada ya kazi hawakai sawa.

Inazuia ALDH, ni kweli. Lakini haichagui ubongo, inazuia mwili mzima, ini likiwemo. Asetaldehidi inajaa kwenye damu. Nimewahi kumpokea mtu wa namna hiyo zamu ya usiku: mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza kuwa mwekundu, anatapika, anatweta, presha imeshuka mpaka tunaitafuta. Panya wa Msesewe walibadilishiwa zile seli za nyota tu kwa ufundi wa jeni. Wewe ukimeza kidonge hupati hicho, unapata adhabu.

Pwani Raha
Bibi, hiyo ya uso kuwa mwekundu nimeiona kwa Wachina waliokuwa wanajenga barabara huku. Glasi moja tu, uso pilipili.

Bibi Nesi
Ndiyo yenyewe, mwanangu, wao wamezaliwa nayo. Asia ya Mashariki mamia ya mamilioni ya watu wana aina ya ALDH2 isiyofanya kazi vizuri. Kwetu Afrika aina hiyo ni nadra mno. Wengi wao hawawi walevi kwa sababu mwili unawafukuza mapema, ila wale wanaojilazimisha kunywa hivyo hivyo wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya koo la chakula.

Msesewe
Bibi umenisaidia sana. Na sisi wenye asili ya Afrika tuna yetu: kuna aina ya ADH, wanaiita ADH1B*3, inayopatikana kwa baadhi yetu na inakwenda kasi kuliko ile ya kawaida.

Sasa nirudi kwenye cheti changu cha kichwa kigumu, kama nilivyoahidi. Kuna daktari wa California, Marc Schuckit, aliyewachukua vijana wa kiume, wengine baba zao walevi na wengine la, akawapa pombe kipimo kimoja, akaangalia nani anayumba na nani anajisikia amelewa. Akawafuatilia kwa miaka. Wale waliosema "mbona sijisikii kitu" ndio waliokuja kuwa walevi kwa wingi zaidi.

Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya. Shemeji alipoanza kuyumba alisimama, akanywa maji, akaenda kulala. Mimi sikuyumba, kwa hiyo sikusimama. Kata ilizunguka mara nne zaidi baada yake na zote nilipokea. Ile GABA ya kisogoni tunayoilaani kesho yake ndiyo inayomwambia mtu arudi nyumbani. Mimi yangu ama inachelewa ama imenyamaza kwa mazoea, na mzee wa watu akanipongeza!

Kibao, ndio jibu lako. Panya asiyeyumba anaonekana ana bahati, lakini pombe imo kwenye damu yake ile ile, ini lake linapigwa vile vile, na breki ya kumwambia basi imetolewa.

Kibao Kata
Sawa mkuu. Leo sina utani.

Fundi Selemala
Kaka yangu marehemu alikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwona ameanguka. Tulikuwa tunajisifu naye mtaani.

MamaWatatu
Jamani nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Bibi Nesi, naomba nikuulize, na msinihukumu. Nina mume, anakunywa kila siku sasa ni mwaka wa sita. Kuna mtu ameniuzia vidonge, kasema nimsagie kwenye mchuzi bila yeye kujua, atachukia pombe mwenyewe. Jina kwenye pakiti ni hilo ulilolitaja. Bado sijamwekea.

Bibi Nesi
Mwanangu, hakuna wa kukuhukumu hapa, na umefanya vyema kuuliza kabla. Usimwekee. Dawa hii hupewa mtu anayejua na aliyekubali, amepimwa moyo na ini, na ametimiza angalau saa kumi na mbili bila kugusa pombe. Wako atakula mchuzi saa mbili, saa tatu yuko baa. Kama moyo wake una tatizo usilolijua, unaweza kumzika na ukaulizwa wewe. Na hata ukiacha kumpa, nguvu yake inaweza kubaki mwilini hadi wiki mbili, kwa hiyo hutaweza kuirudisha nyuma.

Jambo la pili, na hili watu hawalijui. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake umezoea ile breki ya GABA mpaka umeongeza mafuta upande wa pili ili gari liende. Ukiitoa pombe ghafla, breki imeondoka na mafuta yamebaki. Anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu visivyokuwepo, anaweza kupata degedege. Wengine hufa hapo. Kumfungia ndani siku tatu ili "imtoke" nayo ni hatari. Kuna dawa za kumshusha taratibu hospitalini, na kuna nyingine za kupunguza hamu zisizo za adhabu kama hii.

Msesewe
Dada, naongezea moja tu: usiongee naye jioni. Mwongeleshe asubuhi kabla hajazimua, ingawa kwa mtu wa kila siku asubuhi nayo ina kutetemeka kwake. Mtu akiwa amelewa hata akikubali, anayekubali si yeye.

Jirani wa Nai
Na kama kuna ndugu yake anayemheshimu, mhusishe. Kwa baba yangu, sisi watoto tuliongea miaka, hakusikia. Mjomba alikuja mara moja tu.

MamaWatatu
Nashukuru. Nitawaambia.

Kibao Kata
Msesewe, na wewe ile kata ya mbege posa ijayo unaipokea?

Msesewe
Nitapokea ya kwanza, maana kuikataa ni tusi kwa wenye nyumba. Baada ya hapo nahesabu kwa vidole, si kwa miguu. Miguu yangu nimeshaona ni mashahidi wa uongo.

MamaWatatu
Wapendwa, narudisha jibu. Nimeongea naye leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kaka yake mkubwa akiwepo. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani atatoka. Kisha akasema yeye mwenyewe mikono inamtia aibu kazini. Tunakwenda hospitali ya wilaya Jumatatu. Vidonge nimevitoa kabatini, nitamkabidhi daktari.

Bibi Nesi
Mungu awatangulie. Mpaka Jumatatu usimwambie aache ghafla, apunguze kidogo kidogo tu, na akianza kuweweseka au kupata degedege msisubiri Jumatatu, mpelekeni hapohapo hata kama ni usiku. Mkifika, kitu cha kwanza mwambie daktari alikunywa mara ya mwisho saa ngapi. Aseme ukweli, hata kama ni getini.